Ukitaka udaktari wa uongozi, kwanza tukuone ukifanya kazi na wenzako

Unaijua hiyo grupu ya WhatsApp. Iliundwa wiki ya tatu ya muhula, siku mhadhiri alipowagawa watu sita sita na kusema kazi ni ya pamoja na alama ni za pamoja. Siku hiyo kila mtu alituma kidole gumba. Baada ya hapo, kimya.

Siku moja kabla ya kuwasilisha, saa nne usiku, mmoja anauliza tumefika wapi. Meseji inasomwa na wote, tiki za buluu zinawaka, hakuna anayejibu. Wa pili anakuja baadaye kusema bando lilimwishia. Wa tatu yuko ushago na stima zimepotea. Wa nne, na huyu hakosi katika grupu yoyote ile, anaandika kwa moyo mkunjufu: "Wasee, mimi nitasimamia kuprinti." Wa tano hajawahi kuonekana, lakini jina lake litakuwa kwenye jalada. Wa sita ni wewe, na leo hulali.

Sasa chukua picha hiyo uitoe kampasi. Weka ndani yake mkuu wa shule, meneja wa hospitali, afisa wa elimu na mkurugenzi wa shirika lisilo la serikali. Ni watu wa miaka arobaini na kitu, wenye familia, mikopo, na wafanyakazi wanaowaita bosi. Waambie kwamba kazi ni ya pamoja, tena ni kazi ya mwaka mzima, na wakifaulu kila mmoja wao ataitwa Daktari.

Ukisikia hivyo mara ya kwanza unaweza kucheka. Udaktari wa grupu? Lakini si mzaha. Kuna vyuo vikuu Marekani ambavyo vimekuwa vikiutoa kwa miaka mingi. Msimamo wetu ni kwamba, kwa shahada inayodai kuandaa viongozi, hiyo ndiyo njia iliyo sawa. Na Kenya, nchi ambayo wakati mwingine inaonekana kukipenda cheo cha Daktari kuliko kazi inayostahili kuja nacho, ina sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini.

Jina moja, shahada mbili

Kwanza tuelewane. Kuna njia zaidi ya moja ya kuitwa Daktari, na hapa hatuzungumzii wa hospitalini. Njia tunayoijua zaidi ni PhD, shahada ya uzamifu ya mtafiti. Unachagua swali ambalo bado halijajibiwa vya kutosha, unasoma yaliyoandikwa juu yake, unafanya utafiti wako, unaandika tasnifu nene, kisha unaketi mbele ya jopo na kuitetea. Ni kazi ya upweke, na imekusudiwa iwe hivyo. Chuo kinataka kujua kama wewe mwenyewe unaweza kuongeza kitu kipya katika elimu.

Njia ya pili ni uzamifu wa kikazi. Huu ni wa watu ambao tayari wako kazini na wengi wao hawana mpango wa kuwa wahadhiri. Katika elimu unaitwa Ed.D., katika biashara DBA, katika afya ya umma DrPH. Hapa kwetu DBA si jambo geni. USIU-Africa jijini Nairobi ni mojawapo ya vyuo vinavyoifundisha. Ed.D. nayo ina umri wa karne nzima. Shule ya elimu ya Chuo Kikuu cha Harvard, iliyoanzishwa mwaka wa 1920, ndiyo iliyotangulia kuitoa.

Shida ni kwamba kwa miongo mingi shahada hizo mbili zilitofautiana zaidi kwa jina. Mkuu wa shule aliyesomea Ed.D. aliandika tasnifu ya aina ileile anayoandika mtafiti, ila watu walimnong'ona kwamba yake ni nyepesi. Akaiacha kwenye rafu ya maktaba, akarudi shuleni kwake, na matatizo yake yakawa yanamngoja palepale alipoyaacha.

Mwaka wa 2005 Arthur Levine, wakati huo akiwa rais wa Teachers College katika Chuo Kikuu cha Columbia, alitoa ripoti kali kuhusu jinsi viongozi wa shule wanavyoandaliwa Marekani. Pendekezo lake moja lilikuwa la kung'oa mti na mizizi yake: Ed.D. ifutwe, na mahali pake iwekwe shahada ya uzamili iliyo kama MBA. Mwaka uliofuata Lee Shulman, aliyekuwa rais wa wakfu wa Carnegie unaoshughulikia ufundishaji, aliandika pamoja na wenzake kwamba shahada ya watendaji inahitajika, ila imepoteza dira. Wakataka ijengwe upya kwa ajili ya watu wa kazi.

Kutokana na mjadala huo, mwaka wa 2007 ulianza mradi unaoitwa CPED, ambao ulivikutanisha vyuo vikuu kadhaa kuifikiria upya Ed.D. Leo una vyuo zaidi ya 100, vingi vikiwa Marekani. Kanuni zake zinasisitiza mambo mawili yanayotuhusu hapa. La kwanza, kazi ya mwanafunzi itokane na tatizo halisi la mahali pa kazi. La pili, mwanafunzi apewe nafasi ya kujifunza kushirikiana na watu wa aina mbalimbali. Baadhi ya vyuo vilipoyaweka mambo hayo mawili pamoja, vilipata mradi wa timu.

Nashville walivyofanya

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Peabody, chuo cha elimu cha Chuo Kikuu cha Vanderbilt, katika jiji la Nashville jimboni Tennessee. Katikati ya miaka ya 2000 Peabody iliipanga upya Ed.D. yake ya viongozi, ikaiondoa tasnifu ya mtu mmoja. Mahali pake ukaja mradi wa kumalizia masomo ambao Wamarekani huuita capstone, jina la jiwe la juu kabisa linalofunga ukuta. Sisi tutauita mradi wa kilele.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza, si rahisi kuufanya. Shirika lenye tatizo hutuma chuoni ombi la kusaidiwa. Linaweza kuwa mamlaka ya shule za wilaya, chuo, idara ya serikali au shirika lisilo la serikali. Huyo ndiye mteja, na ndiye anayesema kinachomuuma. Wanafunzi wa mwaka wa tatu, ambao ni wa mwisho, hupangwa katika timu za watu watatu au wanne hivi na kukabidhiwa tatizo hilo.

Timu hulichunguza tatizo katika mazingira yake. Husoma utafiti uliokwisha kufanywa ili isianze kugundua moto upya. Hukusanya data kwa mahojiano, hojaji na rekodi za mteja, ikaichambua. Kisha huandika ripoti moja yenye mapendekezo ambayo mteja anaweza kuyatekeleza kesho asubuhi, na huiwasilisha kwake.

Angalia tofauti. Katika tasnifu ya kawaida wasomaji wa hakika ni wale wa jopo. Katika mradi wa kilele kuna mtu mwingine mezani, mtu ambaye hajali umenukuu wasomi wangapi. Anataka kujua kwa nini walimu wapya wanaacha kazi baada ya miaka miwili, na afanye nini.

Si kila chuo kimefuata njia ya timu. Harvard, kwa mfano, mwaka wa 2010 ilipokea wanafunzi wa kwanza wa shahada mpya ya uongozi wa elimu, Ed.L.D., ambayo mwaka wake wa tatu mwanafunzi huutumia akifanya kazi ndani ya shirika. Kazi ni halisi kabisa, lakini kila mmoja huandika mradi wake mwenyewe. Kwa hiyo mjadala bado uko hai hata huko kwao. Sisi tunaegemea upande wa timu, na hizi ndizo sababu.

Uongozi haufanywi peke yako

Sababu ya kwanza ni nyepesi kama maji. Kiongozi hafanyi kazi peke yake. Hakuna mkuu wa shule anayeendesha shule kwa kujifungia chumbani na vitabu. Anashinda mikutanoni, anabishana na bodi, anatuliza wazazi, anapatanisha walimu wawili wasiosalimiana. Kumpima mtu huyo kwa kazi ya upweke ya miaka kadhaa, halafu kumpa cheti cha uongozi, ni sawa na kumpa mtu leseni ya udereva kwa sababu ameandika insha nzuri kuhusu gari.

Sababu ya pili inahusu ukubwa wa vichwa. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Hapa unawaweka fahali wanne, kila mmoja akiwa amezoea kuagiza na kutiiwa. Ndani ya timu hakuna naibu wa kumtuma wala sekretari wa kumwamrisha. Anayetaka wazo lake likubaliwe lazima alieleze likaeleweka. Lazima pia akubali kuambiwa, na mtu asiyemwogopa, kwamba ukurasa aliouandika jana usiku haufai. Bosi wengi hawajaambiwa hivyo kwa miaka kumi. Ukweli huo pekee una thamani ya karo.

Sababu ya tatu ni kwamba matatizo makubwa hayatoshi katika jicho la mtu mmoja. Chukua mfano wa kubuni wa hapa nyumbani. Tuseme kuna hospitali ya kaunti ambayo dawa huisha kila mwezi kabla ya mwezi kuisha. Mhasibu akilitazama ataona bili ambazo hazijalipwa. Muuguzi mkuu ataona wadi moja inayochukua zaidi ya inavyohitaji kwa sababu inaogopa kukosa. Mtu wa kompyuta ataona rekodi ambazo haziwiani na kilichomo stoo. Afisa wa wafanyakazi ataona stoo yenye mlinzi mmoja wa funguo ambaye akienda likizo kila kitu kinasimama. Kila mmoja akiandika tasnifu yake, utapata vitabu vinne, kila kimoja kikiwa na ukweli kidogo. Wakiketi pamoja wanaweza kugundua kwamba ni tatizo moja lenye milango minne.

Sababu ya nne ni hii, na vijana wa miji yetu wanaijua kuliko wengi: kazi ya mtu mmoja ni rahisi kuinunua. Tusifichane. Kwa miaka mingi kuna vijana wa Nairobi, Eldoret na kwingineko waliojilipia kodi ya nyumba kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha na hata tasnifu. Mwaka wa 2024 ilitolewa filamu ya hali halisi kuhusu biashara hiyo, The Shadow Scholars, iliyomfuata Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mwenyewe akiwa mzaliwa wa Kenya. Halafu zikaja programu za akili bandia, na mengi ambayo kijana alilipwa kuyaandika usiku kucha sasa yanaandikwa kwa dakika.

Mradi wa timu wenye mteja hauwezi kununuliwa kirahisi hivyo. Unaweza kulipa mtu akuandikie sura ya pili. Huwezi kulipa mtu aketi badala yako katika mkutano wa kila wiki na wenzako watatu wanaokujua kwa sura, au aende kumhoji muuguzi wa zamu ya usiku kwa jina lako, au asimame mbele ya mteja ajibu swali ambalo halikuwa kwenye karatasi. Hatusemi udanganyifu hauwezekani. Tunasema unahitaji mashahidi wengi wa kunyamazishwa.

Je, na anayetegea?

Tukirudi kwenye ile grupu ya WhatsApp, pingamizi kubwa liko palepale. Nani ahakikishe kwamba yule wa kuprinti hatatoka na udaktari?

Swali hili halidharauliki. Mwishoni mwa karne ya 19, mhandisi Mfaransa wa kilimo, Max Ringelmann, alipima nguvu za watu wanaovuta kamba. Aligundua kwamba kadiri watu walivyoongezeka, ndivyo kila mmoja alivyovuta kidogo. Walipofika wanane, kila mmoja kwa wastani alitoa karibu nusu tu ya nguvu ambayo mtu angetoa akivuta peke yake. Baadhi ya upungufu huo ulitokana na watu kutovuta kwa mpigo mmoja, lakini wanasaikolojia waliofuata walionyesha kwamba utegeaji wenyewe upo. Mwaka wa 1979 Bibb Latané na wenzake huko Marekani waliwataka watu wapige makofi na kelele kwa nguvu zao zote, wakiwa peke yao na wakiwa katika kundi. Katika kundi kila mtu alipunguza bidii.

Lakini wasomi haohao walipata na dawa, na waliichapisha mwaka wa 1981. Watu walipojua kwamba sauti ya kila mmoja inaweza kupimwa na kutambuliwa hata akiwa ndani ya kundi, utegeaji uliyeyuka. Yaani mtu hategei kwa sababu yuko na wenzake. Anategea kwa sababu hakuna anayejua yeye amefanya nini.

Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya timu iliyopangwa na watu waliorundikwa pamoja. Mhadhiri anayegawa watu sita kwa kufuata orodha ya majina, akaondoka, akarudi baada ya wiki nane kukusanya karatasi, hajafundisha kazi ya timu. Amepunguza tu idadi ya karatasi za kusahihisha. Shahada ya uzamifu ikifanywa kwa mtindo huo itakuwa aibu, na tutakuwa wa kwanza kuipinga.

Kwa maoni yetu, udaktari wa timu unastahili jina hilo pale tu masharti manne yanapotimizwa. Timu iwe ndogo, watu watatu au wanne, ili asiyekuwepo aonekane. Kila sehemu ya ripoti iwe na mwenyewe anayejulikana. Kila mwanafunzi ahojiwe akiwa peke yake kuhusu ripoti nzima, si sehemu yake tu, na asiyeweza kuieleza asipite hata kama wenzake wamepita. Na wanatimu watathminiane kwa maandishi mara kadhaa katika mwaka, si siku ya mwisho wakati kila mtu anataka yaishe.

Kuna pingamizi lingine ambalo halitajwi sana, nalo linahusu mteja. Anayekualika nyumbani kwake hapendi uikosoe supu. Shirika linaweza kuomba utafiti ili tu liambiwe kwamba linafanya vizuri, na timu inaweza kuogopa kulikasirisha. Ndiyo sababu walimu wa chuo lazima wawe na neno la mwisho kuhusu ubora wa kazi, si mteja. Timu ina faida yake hapa pia. Ni vigumu kumtisha mtu mmoja akafuta ukweli ikiwa wenzake watatu waliusikia ukisemwa.

Lipo na la tatu: je, ripoti ya mteja ina uzito wa uzamifu? Wasomi wa kale watasema hii ni kazi ya mshauri wa kampuni iliyovishwa joho. Wana hoja, lakini wanapima kwa kipimo kisicho chake. PhD inauliza kama umegundua jambo jipya kwa dunia. Uzamifu wa kikazi unauliza kama unaweza kuuchukua ujuzi uliopo na kuutumia kwa nidhamu kutatua jambo gumu, mbele ya watu watakaoishi na matokeo yake. Hatutaki moja imeze nyingine. Anayetaka kuwa mtafiti aandike tasnifu yake peke yake, na asipunguziwe hata ukurasa.

Kwetu Kenya

Juni 2019, chuo kikuu kimoja cha umma nchini kiliwatunuku PhD watu 118 katika mahafali moja. Nchi ilishtuka na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ikaanzisha uchunguzi. Watu walijadili idadi ya wasimamizi, idadi ya wanafunzi kwa kila msimamizi, na iwapo kila hatua ilifuatwa. Hayo yalikuwa maswali ya haki kuulizwa.

Lakini kuna swali ambalo halikuulizwa kwa sauti. Kati ya watu wanaosomea uzamifu nchini, ni wangapi hasa wanaotaka kuwa watafiti? Wengi wako kazini serikalini, katika benki, mashuleni na katika mashirika. Wanatafuta kupandishwa cheo, kuheshimiwa, na wengine kwa kweli wanatafuta kujua zaidi. Tunawasukuma wote kupitia mlango mmoja wa tasnifu ya upweke, kisha tunashangaa msongamano mlangoni na karatasi zinazosahaulika upande wa pili.

Mlango wa pili ukifunguliwa vizuri utapunguza msongamano huo bila kushusha hadhi ya wa kwanza. Tuna kaunti 47, na hakuna hata moja isiyo na tatizo la kukabidhi timu ya watu wanne makini kwa mwaka mmoja. Tuna hospitali, shule, vyama vya ushirika na masoko. Vyuo vyetu vinavyofundisha uzamifu wa kikazi vinaweza kuanza na timu mbili au tatu za majaribio, zikiwa na wateja waliokubali kwa maandishi kwamba ripoti itawekwa wazi kwa umma. CUE nayo iandike masharti ya mradi wa timu mapema, kabla ya vyuo kuugundua kama njia ya mkato ya kutoa vyeti vinne kwa kazi ya mmoja. Kwetu sisi, njia ya mkato haikawii kupatikana.

Na hili la umma kusoma ripoti tunalisisitiza. Kama kaunti yako imechunguzwa na viongozi wanne waliopata udaktari kwa kazi hiyo, wewe uliye kwenye foleni ya dawa una haki ya kujua waliona nini.

Unaweza kuuliza haya yote yanakuhusu vipi wewe ambaye bado unatafuta attachment, au ndiyo kwanza uko mwaka wa pili na HELB haijaingia. Yanakuhusu kwa njia mbili.

Moja, uchaguzi mkuu wa 2027 unakuja, na mabango yatajaa majina yenye "Dkt." mbele yake. Usivutwe na herufi tatu wala usizidharau. Mwenye jina hilo akija kwenye mtaa wako kuomba kura, muulize maswali mawili. Ulichunguza tatizo gani? Na ulifanya kazi na nani? Aliyefanya kazi kweli atakujibu kwa furaha, tena utachoka wewe kabla yake. Mwingine atakutazama kama umemtukana.

Mbili, ile grupu. Kumbe kile unachokiona kama mateso ya muhula ndicho ambacho watu wazima wanalipa karo kubwa kukifanya, kwa sababu hakuna aliyewafundisha mapema. Kwa hiyo safari hii mhadhiri akiwagawa, msiridhike na vidole gumba. Siku hiyohiyo andikeni nani anafanya nini na tarehe ngapi, kwenye hati moja ambayo kila mtu anaiona. Kutaneni ana kwa ana angalau mara moja, hata kama ni chini ya mti nje ya maktaba. Asiyefanya aambiwe wiki ya nne, kwa heshima, wakati bado anaweza kujirekebisha, si usiku wa mwisho wakati mnachoweza tu ni kumsema kwenye grupu nyingine msimoweka jina lake. Akizidi kutegea, mhadhiri ajulishwe, na jina lisiwekwe kwenye jalada.

Najua linalofuata. Hakuna anayetaka kuitwa msnichi. Lakini huyo unayemficha leo atahitimu, ataajiriwa, atapanda, na siku moja atakuwa bosi wa mahali unapopeleka mtoto wako shule au mama yako hospitali. Atakuwa bado anasimamia kuprinti.